Pete za Trei Moja

Mama Tanuri aliishika pete kwa vidole viwili, akaiachia hapo hapo na kuvipuliza vidole. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akachukua nyingine kutoka boksi lilelile, akaizungushia waya wa shaba uleule, akaiunganisha na kisanduku cha umeme alichokiacha Mhandisi, mteja wao, akasubiri muda uleule. Hii ilikuwa baridi. Aliifumbata, akaisogeza hata shavuni kama mtu anayempima mtoto homa. Baridi.

Moto wa ile ya kwanza haukumshangaza, kwani ndio uliokuwa umeleta kesi yote. Kilichomvuruga ni lile boksi. Katika karakana yao kila trei ilikuwa na boksi lake, na hawakuwahi kuchanganya. Maana yake pete hizo mbili aliziingiza yeye mwenyewe ndani ya tanuri kwa wakati mmoja, zimelala ubavu kwa ubavu, na akazitoa kwa wakati mmoja. Mapacha walionyonya ziwa moja, mmoja ana homa na mwingine mzima. Tanuri linaweza kuunguza trei nzima, au hata upande mmoja wa trei. Lakini tanuri linalochagua huyu na kumwacha yule alikuwa hajapata kulisikia.

Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akaziangalia. Zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani, zimefanana kama shilingi kwa ya pili.

Karakana ilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya ukoo. Katika chumba cha kwanza wifi yake alimimina unga wa chuma ndani ya kalibu na kuugandamiza kwa mashine mpaka ukawa pete ya kushikika. Chumba cha pili ndimo lilimokuwa tanuri. Unga wenyewe haukuwa chuma kitupu. Kila chembe ilikuja kutoka kwa muuzaji ikiwa imevikwa utando mwembamba usioonekana kwa macho, na kazi yao yote, kama Mhandisi alivyowahi kuwaeleza, ilikuwa kuzibananisha chembe hizo bila kuzivua nguo. Usumaku hupita kutoka chembe moja hadi nyingine, umeme haupiti. Ndiyo maana pete ya unga inaweza kuvumilia umeme unaogeuka huku na huko maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, mahali ambapo pete ya chuma kizima ingeiva kama kaa la moto. Mama Tanuri aliliweka jambo hilo kichwani kwa namna yake: watu waliobanana kwenye foleni, kila mmoja na koti lake. Maneno yanasikika toka mwanzo wa foleni hadi mwisho, lakini upele hauambukizwi.

Kazi ya tanuri ilikuwa kuzikomaza. Moto ukiwa mdogo, pete hubomoka kama tofali bichi. Ukizidi, makoti yanaungua, na pete inabaki nzuri kwa macho na mbovu kwa kazi. Kati ya moto ule mdogo na ule mkubwa palikuwa na njia nyembamba, na yeye aliijua njia hiyo kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani.

Kwa hiyo Mhandisi alipokuja na boksi la pete zilizokuwa zimechemka ndani ya vifaa vyake vya kuendeshea pampu za maji kwa umeme wa jua, hakuna aliyeshangaa kusikia alichokuwa anadhani. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kulaumu. Alisema anadhani moto umezidi. Alisema anadhani tu. Lakini shemeji, mwenye karakana, alisikia kwamba ni hakika.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kipimo chake, ambacho alikipenda kama wengine wanavyopenda gari, na hakuna pete iliyotoka nje bila kuwekwa kwenye kipimo hicho. Pete zote zile zilikuwa zimepita. Alizipima tena mbele ya Mhandisi, moja moja, akitokwa jasho, na zote zikasoma vizuri. Mhandisi akamwambia kwa upole kwamba kipimo kile kinaiuliza pete ikiwa imekaa, na yeye anaitumia ikiwa inakimbia. Akawaachia kisanduku kidogo cha kutoa umeme wa kasi, wazijaribu wenyewe mpaka atakaporudi Ijumaa.

Alipoondoka, shemeji aliwaita wote. Alisema jina la karakana ndilo linalowalisha, na mteja huyu akienda, wengine watamfuata. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa, "Aliyeharibu, awe nani awe nani, hatagusa tena pete humu ndani." Hakumtazama Mama Tanuri aliposema hivyo, na kila mtu akaona kwamba hakumtazama. Baadaye alimfuata pembeni, akamwambia kuna fundi wa tanuri amepata habari zake, anaweza kuanza wiki ijayo. Yeye atapumzika. "Chakula hukosi, shemeji. Nguo hukosi."

Alisema kwa wema, na wema huo ndio ulioingia kama mwiba. Maneno hayo hayo Mama Tanuri alikuwa ameyasikia katika kikao cha ukoo baada ya msiba, na siku ile aliwajibu kwamba hataki kulishwa, anataka tanuri la mume wake. Baadhi walicheka. Baba mkwe peke yake ndiye aliyesema, "Mpeni." Wakampa. Alijifunza kwa kuungua, kwa kuharibu, kwa kunusa moshi wa trei hii na kulinganisha na wa ile. Jina lake la sasa alipewa na wifi kwa utani, likamkaa, akalipenda. Akiondolewa kwenye tanuri, hakujua ataitwa nani.

Basi alianza kutafuta. Hakuwa na elimu ya mambo haya, alikuwa na subira tu, na alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ili asijichanganye.

Kwanza alipunguza moto. Pete zilitoka laini, wifi akaigusa moja ikavunjika mkononi kama biskuti.

"Wifi, hii ya kuuza au ya kunywea chai?"

"Inywee chai, meno yako yenyewe ya kuazima."

Walicheka wote wawili, lakini Mama Tanuri alicheka kwa mdomo tu. Akarudisha moto pale ulipokuwa siku zote. Akazipanga pete za pembeni katikati na za katikati pembeni. Akazijaribu zote kwenye kisanduku cha Mhandisi zikiwa zimetoka tanurini zikapoa tu. Zote zilikuwa baridi. Hata moja haikupata moto. Alipaswa kufurahi, lakini alizidi kuchanganyikiwa, kwa sababu trei ya siku iliyotangulia, iliyookwa kwa moto ule ule na sasa iko ndani ya boksi, ilikuwa na wagonjwa kibao.

Wifi alisema labda pete zinamwogopa, akiwepo zinatulia.  Mama Tanuri alikuwa anawaza jambo asilopenda kuliwaza. Kwa muda alikuwa amemshuku wifi huyu huyu na mashine yake, labda anagandamiza kwa nguvu mno, makoti yanapasuka. Lakini kugandamiza kunakuja kabla ya tanuri, na pete zikitoka tanurini ni nzima. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa unaingia baadaye. Na baadaye palikuwa na nini? Hapakuwa na kitu. Pete zilipoa, baba mkwe akazifuta vumbi, wifi akazichovya kwenye rangi, zikakauka, zikaingia boksini. Ni kama mtu aoge, avae, atoke, halafu njiani apate malaria.

Alishuku rangi. Akachovya pete ambayo haijafutwa, ikakauka, akaijaribu. Baridi. Akashuku boksi, labda lina unyevu. Akaziacha pete kadhaa ndani ya boksi kwa siku nzima. Baridi. Akachukua kitambaa akafuta pete vumbi kwa bidii mpaka kiganja kikamuuma. Baridi. Kufikia hapo alianza kuishuku akili yake. Alhamisi asubuhi alijikuta amesimama mlangoni hajui alikuwa anaingia au anatoka, na wifi akamwuliza kama amepoteza kitu. Akasema ndiyo. 

Alirudi mezani kwa zile pete mbili za boksi moja. Alikuwa amezitazama mpaka zimemchosha, na sasa alifanya jambo ambalo halikuwa na maana kubwa, ili tu mikono isikae bure. Alichukua kisu akaanza kukwangua rangi.

Ile ya baridi, chini ya rangi, ilikuwa na rangi ya jivu, kama alivyoitoa tanurini. Ile ya moto ilimkodolea macho. Chini ya kijani chuma kilimeta kama kijiko cha wageni. Aliuona uso wake humo, mdogo na uliopinda. Akakwangua nyingine iliyopata moto, nayo ikameta. Akakwangua ya baridi, nayo jivu.

Katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kukifanya chuma king'ae namna hiyo.

Baba mkwe alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha vyuma tangu ujana wake: vitasa vya milango, kengele, bomba za shaba, ngazi za mahoteli. Magoti yalipomgomea alihamia kwa mwanawe, akakaa kwenye kiti akihesabu nzi na kugombana na redio. Ndipo shemeji alipompa kitambaa, akamwambia awe anazifuta pete vumbi. Tangu siku hiyo mzee alibadilika. Alikula. Aliamka mapema. Mchana alisikika akiimba chini kwa chini, mpaka usingizi ulipomchukua na trei ikabaki nusu, naye wifi akaimalizia kwa kupitisha kitambaa haraka haraka. Nusu ya mzee, nusu ya wifi. Mama Tanuri aliona namna trei moja ilivyogawanyika.

Lakini kuona hivyo hakukumwondolea wingu. Chuma kinachong'aa kinakuwaje kibovu? Alichukua pete nzima ya kijivu, akatafuta msasa laini katika vifaa vya zamani vya mzee, akaisugua mwenyewe mpaka ikameta, akaizungushia waya. Aliposhika alipiga kelele kidogo, si kwa maumivu. Pete ile ile, ambayo dakika chache tu zilizopita ilikuwa baridi, sasa ilikuwa inachoma.

Akakaa nayo, akiwaza watu wa kwenye foleni na makoti yao. Taratibu ilimjia, ingawa haikuja yote. Msasa haukuwavua wale watu makoti. Ulikuwa unachuna chuma cha huyu na kukipaka juu ya huyu na yule, mpaka wa juu wote wakashikana wakawa ngozi moja. Na kwenye ngozi moja umeme unapata barabara ya kuzunguka, unazunguka bure, unachoka, unatoa joto. Labda ni hivyo. Hakuwa na hakika, lakini vidole vyake vilikuwa na hakika.

Alimwonyesha shemeji. Shemeji alizitazama pete, akagusa, akatoa mkono, akagusa tena. Hakuuliza nani. Alikwenda dirishani, akasimama akiutazama uani, ambako baba yake alikuwa ameinamia trei, midomo ikicheza wimbo.

"Nilisema mbele ya watu," alisema mwishowe.

"Ulisema."

Alikuja na neno lake polepole, kama mtu anayevuka matope. Fundi yule wa kuajiriwa hatakuja. Tanuri ni la Mama Tanuri, hakuna atakayeligusa. Mzee ataambiwa tu kwamba msasa umeisha, atatumia kitambaa. Na Mhandisi ataambiwa kwamba lilikuwa tanuri kweli, lilikuwa na hitilafu, limetengenezwa. "Tuseme tu ni tanuri, shemeji. Wewe hupotezi kitu. Kazi unayo. Yeye ukimwambia hivi, utakuwa umemzika."

Hapo Mama Tanuri ndipo alipochanganyikiwa kuliko siku zote zile. Maana alichokuwa anakipigania alikuwa amekipata, kiko mkononi, na mkono ulikuwa mzito. Atabaki na tanuri, lakini kila atakayefika atajua kwamba tanuri la yule mama liliwahi kuharibu kazi. Na yule anayekingwa ndiye aliyesema "Mpeni" wakati wengine wanacheka. Ni haki gani kumdai mzee wa namna hiyo? Na ni heshima gani kumdanganya kama mtoto, kumficha msasa? Alimwambia shemeji atafikiri. Alijaribu kufikiri, na kila alikoshika palimponyoka.

Mwishowe aliacha kufikiri, akabeba kisanduku cha Mhandisi na pete mbili, akaenda uani.

Mzee alimkaribisha kwa furaha, akamwonyesha pete aliyokuwa nayo mkononi, uso wake kama kioo. Mama Tanuri akamwuliza kwa nini anahangaika na kung'arisha kitu ambacho kitafunikwa na rangi. Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunanawa.

"Rangi ni nguo, mkwe wangu. Mwili unaogeshwa kwanza."

Alisema watoto wa siku hizi wana haraka, wanataka vumbi tu litoke. Yeye hawezi kuachia kitu kichafu kitoke mikononi mwake, hata kama hakuna atakayekiona.

Mama Tanuri hakubishana. Aliunganisha pete mbili, akamwomba ashike ya kijivu. Akashika. Akamwomba ashike ile aliyoing'arisha yeye. Mzee akashika, akaiachia, akamtazama mkwe wake kana kwamba amefanyiwa mzaha. Akashika tena. Mama Tanuri akamweleza habari ya foleni na makoti na msasa, kwa maneno machache, mara mbili. Mzee alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Kwa hiyo mimi nimezivua nguo?"

"Hapana, Baba. Ni kama umewafunika wote kwa shuka moja."

"Shuka safi," alisema mzee kwa hasira kidogo.

"Safi sana, Baba."

 Mzee alisema maisha yake yote amegombezwa na mabosi kwa chuma kisichong'aa vya kutosha, na leo ndiyo mara ya kwanza kusikia kinang'aa mno. Alisema jambo hilo halina kichwa wala miguu. Mama Tanuri alikubali kwamba halina. Kisha akasema lile lililomleta, macho yakiwa chini.

"Shemeji anataka Mhandisi aambiwe ni tanuri."

"Tanuri la nani?"

"Langu, Baba."

 Mzee alichukua kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua. Mama Tanuri akaaga kwa adabu, akaondoka, hajui kama ametenda haki au amemchoma mtu aliyemfadhili. Wifi alimwona akipita, akafungua mdomo kumtania, akaufunga.

Ijumaa Mhandisi alikuja. Walikaa naye kwenye chumba cha tanuri, shemeji, wifi na Mama Tanuri, chai ikapoa mezani. Shemeji alianza kwa kukohoa. Alisema wamechunguza sana, na kwamba ni kweli, tanuri lao lilikuwa na tatizo kidogo upande wa—

Mlangoni palisikika fimbo. Mzee aliingia polepole, akiwa amevaa shati la kutokea, akasimama katikati ya chumba.

"Tanuri halina kosa," alisema. "Pete nilizisugua mimi kwa msasa. Huyu mwanamke hajaunguza hata moja."

Mhandisi alimtazama mzee, akamtazama shemeji, ambaye alikuwa ameinama. Akaomba kuona. Mama Tanuri akampa kisu na pete, naye akakwangua, akaijaribu, akakwangua nyingine. Alikaa muda mrefu akizigeuza. Alisema aliwahi kusoma kwamba pete za unga hazipaswi kukatwa wala kupigwa tupa baada ya kuokwa, lakini hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mtu anaweza kuzing'arisha chini ya rangi. Alisema hata yeye alikosea, alikimbilia kulaumu moto. Akamgeukia mzee, akamwambia kwa dhati kwamba hajapata kuona chuma cha unga kikitoka uso kama ule. Mzee aliipokea sifa hiyo kwa kuinamisha kichwa, lakini haikuwa wazi kama imempendeza au imemuumiza.

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulisema aliyeharibu hatagusa tena pete. Nilikuwepo, nilisikia."

"Baba, yale yalikuwa maneno tu."

"Ulisema mbele ya watu. Sigusi."

Shemeji alijaribu tena, akasema kuna kitambaa, kitambaa hakina dhara, wameshajaribu. Mzee akatikisa kichwa. Alisema mkono wake haujui kufuta bila kung'arisha. Ukipewa kitambaa leo, kesho utatafuta msasa, anaujua. Akatoka, fimbo ikisikika mpaka uani. Mhandisi akanywa chai ya baridi yote bila kuweka kikombe chini.

Wiki iliyofuata hakuja fundi yeyote. Wifi aligandamiza, akafuta, akachovya, akilalamika kwamba sasa anafanya kazi za watu wawili kwa mdomo mmoja. Mzee alirudi kwenye kiti chake na redio, lakini redio hakuiwasha. Siku ya tatu hivi alikuja mlangoni mwa chumba cha tanuri, akasimama. Mama Tanuri alikuwa anatoa trei. Pete zilikuwa za kijivu, kavu, hazina hata chembe ya mng'aro.

"Zinakwenda hivi hivi?" aliuliza mzee.

"Hivi hivi, Baba."

"Na ndizo nzuri?"

"Ndizo nzuri."

Alizitazama kwa muda, mikono yote miwili imeshika fimbo kwa nguvu, kama inayozuiliwa isiende mahali.

"Mkwe, mimi sielewi."

"Hata mimi, Baba. Naelewa nusu."

Mzee akaguna. Hakuondoka. Alisema kwamba magoti yanauma kusimama, na kule uani hakuna mtu wa kuongea naye. Mama Tanuri akaiweka trei chini, akaenda kumletea kiti, akakiweka mbali kidogo na joto, pale ambapo angeweza kuziona zinavyoingia na zinavyotoka.